Kolekole Hupita Gotini

Asubuhi ile nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni, upande wa Tongoni, maji ya kiuno, narusha mshipi kuelekea bahari kuu kwa nguvu zote nilizojaliwa. Jua lilikuwa halijapanda sawasawa. Nyuma yangu, baina yangu na mikoko, akina mama wawili walikuwa wakitanda uduvi, kila mmoja kashika ncha yake ya wavu, maji yakiwafika magotini. Sikuwatilia maanani. Macho yangu yalikuwa kule mbali maji yanakogeuka buluu, kwa kuwa nilikwisha kujiaminisha kwamba samaki wa maana wako kule.

Mmoja wao, aliyenizidi umri kwa mbali, akasogea. Nikamwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Watafuta nini huko?”

“Kolekole.”

Akageuka, akanyoosha kidole mahali alipokuwa amesimama. “Kolekole wamenipita hapa, sasa hivi, wakimbiza visamaki. Wamenigonga goti. Wewe ulipoingia umewakanyaga ukenda zako.”

Sikuwa na jibu. Niliyatazama maji aliyonionyesha. Kina chake hakikufika mita moja. Yalikuwa yakitoka kwenye mikoko na tope kidogo, na juu yake vidagaa viliruka kama mtu kamwaga kiganja cha mchele. Nilikuwa nimepita pale pale kwa miguu, nayapiga maji mateke, muda si mrefu kabla.

Nina miaka minane nikiwa na fimbo hii ya kuvulia kwa chambo cha manyoya mkononi. Miwili ya kwanza siihesabu kuwa ya uvuvi. Nilikuwa narusha tu.

Mimi ni mtu wa Sahare, Tanga mjini, nimelelewa na mjomba mvuvi wa mshipi. Mshipi ninaousema ni ule wa mkono: uzi wa plastiki uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, chubwi ya kuuzamisha, ndoano, na chambo cha ngisi au kamba. Kabla sijajua kusoma vizuri nilikwisha kujua bamvua na maji mafu. Mjomba hakuwa na jedwali la maji wala simu, alitazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na hapo huku kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Wiki ikipita, mwezi umebaki nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, tena hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo ndiyo maji mafu. Bamvua kubwa hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na ufukwe uliouacha jioni huutambui ukirudi asubuhi. Mtoto wa pwani anayajua haya kama anavyoijua njia ya chuoni. Nayaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyoyasahau siku niliyopewa fimbo.

Fimbo niliipata Pangani. Nilikuwa nikifanya kazi kwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Maziwe, na mgeni mmoja alikuja na fimbo nyembamba ya futi 9 ambayo hatukuwahi kuiona. Wenzake wakipanda boti yeye anashuka ufukweni peke yake, anatembea taratibu kama mtu aliyedondosha pete. Siku ya kuondoka akaniita, akanipa fimbo, rili ya kuzungushia mshipi na kijiboksi cha manyoya, akanifundisha kwa saa moja pale kwenye mlango wa mto, upande wa mji, watu wa kivuko wakitutazama.

Kwa asiyeuona uvuvi huu, nieleze. Kwenye mshipi wa mkono, chubwi ndiyo inayokwenda na kuuburuta uzi nyuma yake. Huku ni kinyume. Chambo ni manyoya machache yaliyofungwa kwenye ndoano, hakina uzito wa kurushika. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, uliovikwa plastiki, wenye uzito wake. Unaupeleka nyuma hewani, unausubiri unyooke, ndipo unaupeleka mbele, na chambo kinafuata mwisho kabisa, kwenye uzi mwembamba usioonekana. Wazungu hukiita inzi, maana huko kwao mambo yalianza kwa kuiga wadudu wanaotua juu ya mito. Kwenye maji chumvi hakuna inzi wa kuiga. Unaiga dagaa, kamba na kaa wadogo. Sisi pale Pangani tulikiita unyoya, na jina hilo limenikaa hadi leo. Fimbo na mshipi hupimwa kwa namba. Yangu ni namba 8, na inatosha kwa mahori na fukwe zetu. Anayetaka kolekole wakubwa wa miamba ya nje hushika namba 12, lakini hiyo ni habari ya watu wenye boti.

Kosa langu lilianza hapo. Kwa kuwa fimbo ilitoka ng'ambo, niliamini kila kitu chake lazima kitoke ng'ambo. Mgeni yule alikuwa akinywa chai kwanza, anashuka saa nne, basi na mimi siku nyingi nikawa nashuka saa nne. Saa nne ya bamvua, pale Mwambani au Tongoni, ni mchanga mtupu na majani ya bahari yaliyolala. Maji yako mbali, na samaki wamekwenda nayo. Nilikuwa naifuata bahari kwa miguu mpaka ukingoni, naingia hadi kiunoni, natupa. Jioni nilifanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira wa mtaa wetu, nikihesabu hatua unyoya ulipotua. Hatua ishirini. Ishirini na tano. Watoto walikuwa wakishangilia. Mjomba alikuja mara moja, akatazama kimya, akaniuliza, “Unavua nini humu?” Nikadhani haelewi.

Maneno ya mama yule yaliniuma kwa sababu alichoniambia nilikijua. Mjomba wangu asingeweza hata siku moja kwenda kuvua bila kuuliza maji yako wapi.

Bamvua iliyofuata nililala kijijini. Nilisali alfajiri na wenyeji, nikashuka kwenye hori kukiwa na weupe tu upande wa mashariki. Upepo wa nchi kavu ulikuwa mgongoni mwangu, mwembamba, wenye baridi. Maji yalikuwa yamejaa saa kumi na sasa yalikuwa na saa mbili yakitoka. Safari hii sikuingia. Nilisimama kwenye mchanga, fimbo nimeiegemeza begani, nikatazama mpaka kukapambazuka.

Hori lile lina mdomo wa hatua kama arobaini. Ukilitazama upesi utasema maji yanatoka sawasawa, lakini siyo. Mkondo umebana upande wa kaskazini, unakula ukingo wa mchanga na kuchimba kilindi kidogo, halafu unapinda na kukutana na maji yaliyotulia. Mahali hapo panaonekana: kuna mstari, upande mmoja maji yana mikunjo, upande wa pili ni laini kama mafuta, na povu na majani makavu ya mkoko hukusanyika juu yake. Sasa fikiria kinachotokea huko ndani. Maji yanapojaa, kila kiumbe huingia na maji kwenye mizizi kutafuta riziki: mkizi, chaa, kamba, kaa, na vidagaa visivyo na idadi. Maji yakigeuka, wote hao hawana budi kutoka, na mlango ni mmoja. Kolekole hana haja ya kukimbiza mtu baharini. Anakuja kusimama kwenye ule mstari, kwenye maji ya taratibu, kichwa kikiuelekea mkondo, anangoja aletewe.

Nikaanza kuona vitu ambavyo kwa miaka miwili sikuwa nimeviona. Vidagaa vikitawanyika ghafla kama feni iliyofunguliwa, kuna mtu chini yake. Mkizi mmoja akiruka peke yake, mara nyingi hana jambo, huruka tu kwa desturi yake. Wakiruka kumi kwa mpigo na wote upande mmoja, wanafukuzwa. Waliosema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi walisimama mahali kama pale.

Nilirusha hatua kumi na mbili. Sikuupeleka unyoya kwenye mstari wenyewe. Niliutua kabla yake, upande maji yanakotoka, ndani ya mkondo, nikauacha uchukuliwe kama anavyochukuliwa kamba aliyechoka, huku nikiuvuta kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto. Mara ya tatu mshipi ukasita, kama umegusa jani. Halafu ukaondoka.

Hapa mshipi wa mjomba uliniokoa. Yule mgeni alikuwa akipoteza samaki wengi kwa sababu wakiuma alikuwa anainua fimbo juu. Ni desturi ya mitoni kwao, na kule inafaa, lakini fimbo hii ni laini, inapinda, haina nguvu ya kuzamisha ndoano kwenye mdomo mgumu, na ukiiinua unauondoa unyoya mbele ya samaki ambaye bado anautaka. Kwenye maji chumvi fimbo inabaki imeelekea majini, na mkono ulioshika mshipi ndio unaovuta, mvuto mmoja mrefu ulionyooka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefanya kazi hiyo tangu nikiwa na miaka saba. Mjomba alikuwa akiniambia, “Usimnyang'anye, mvute.” Nikamvuta.

Alikwenda na mshipi wote mnene, akaingia kwenye uzi wa akiba ulio ndani ya rili, nami nikamfuata kwa miguu kando ya maji nikiomba asiukimbilie mzizi. Nilipomtoa mchangani alikuwa akikoroma. Kolekole hukoroma akishikwa, sauti kavu ya kooni. Mizani ya soko la samaki la Deep Sea ilisema kilo mbili na nusu. Nyumbani mama yangu alimpaka nazi, akamchoma kwenye makaa, na mjomba alikula akiwa ameinamia sahani bila neno, mpaka alipomaliza akauliza, “Maji yalikuwa yanatoka au yanaingia?”

Tangu siku hiyo samaki wangu wengi nimewapata ndani ya hatua kumi na tano, na baadhi nikiwa sijalowa hata kifundo cha mguu. Kujua kurusha mbali si bure. Upepo ukiwa mkali utauhitaji ujuzi huo. Ila siku hizi mtu akinifuata kutaka kujifunza, simpi fimbo. Nampeleka kwenye hori maji yakianza kutoka, tunakaa.

Manyoya ya mgeni yaliisha ndani ya mwaka. Mzia mmoja tu anatosha kukata matatu kwa siku, ana meno kama wembe. Kununua mengine kulikuwa hakuwezekani kwa mshahara wangu, nikaanza kufunga mwenyewe, na habari hii naipenda kuliko zote.

Nilianza na mkonge. Nani Tanga asingeanza na mkonge? Nyuzi nyeupe ndefu zinazong'aa, tena za bure ukimjua mtu wa korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Mkonge wenyewe ulifika kwetu mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani; kati ya miche 1,000 aliyoagiza ilinusurika 62, na ndiyo iliyopandwa Kikogwe, kusini ya Pangani. Florida hiyo hiyo ndiko uvuvi wa unyoya wa maji chumvi ulikokuzwa sana karne iliyopita. Nilipolijua hilo nilifurahi, nikaona mambo yamekutana mkononi mwangu. Lakini mkonge haukunifaa. Uzi wake ni mgumu, ukiwa majini hauchezi, unakwenda kama kijiti. Nikauchana kwa kitana, nikaupiga kwa rungu, nikauloweka. Ukalainika kiasi, ila ukawa unakunywa maji, na unyoya uliokunywa maji ni mzito kurusha. Unakupita kichwani kama kitambaa cha kudekia. Niliuacha kwa masikitiko.

Ndevu za beberu ndizo zilizojibu. Ni nyembamba kwenye ncha, zina uimara kwenye shina, hazinywi maji sana, na zikivutwa na kuachwa hufunga na kufunguka kama kitu kinachopumua. Nazipata kwa wachinjaji. Manyoya ya shingo ya jogoo mweupe nayo ni mazuri, na ya jogoo mweusi nitayaeleza mbele. Uzi wa kufungia nachukua kwa fundi cherehani. Kilichonisumbua ni macho. Unyoya wa maji chumvi unataka uzito kidogo mbele ili uzame kichwa na kuinuka ukivutwa, na macho mawili ya chuma ndiyo kazi yake. Yule mgeni alikuwa na unyoya wa namna hiyo uliobuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1980. Ujanja wake ni kufunga macho yale juu ya shina la ndoano, na hapo ndoano hujigeuza majini, ncha ikatazama juu. Kwetu huku hilo ni jambo kubwa mno. Chini ya mahori yetu kuna majani ya bahari na mizizi ya mchu iliyochomoza kama kalamu. Ndoano inayotazama chini hushika kila mara. Macho yenyewe nilikuja kuyapata Ngamiani, kwenye duka la vifaa vya ujenzi: kile kimnyororo cha shanga za chuma kinachoshikilia kizibo cha sinki. Unakata shanga mbili mbili. Kimnyororo kimoja kinanitosha miezi.

Rangi nisizirefushe. Maji meupe, unyoya mweupe wenye kijani kidogo mgongoni. Maji ya tope, mweusi. Watu hushangaa, wanadhani kwenye maji machafu utumie kitu cha kung'aa, lakini samaki aliye chini anatazama juu kwenye mwanga, na cheusi ndicho kinachokata kivuli. Hili utalihitaji masika. Mvua zikinyesha Usambara, mto Sigi unashuka kutoka Amani ukiwa rangi ya chai ya maziwa na kuingia ghuba ya Tanga, na mtu hukata tamaa akiuona. Asikate. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko maji chumvi, hivyo hutandaa juu. Chini yake chumvi bado ipo na samaki wapo nayo. Nachagua unyoya mweusi wenye macho mazito, nauacha uzame mpaka nihesabu kumi, ndipo navuta.

Upepo ni mwalimu mkali. Kusi linapovuma, kuanzia Aprili hadi kama Septemba, ufukwe wetu unaotazama mashariki unalipata ubavuni. Mimi narusha kwa mkono wa kulia. Ukitazama bahari, kusi liko kulia kwako, na mshipi unaopita upande wa upepo unasukumwa kichwani. Nililijua hilo kwa maumivu. Ndoano iliniingia nyuma ya sikio hadi kwenye kinundu chake cha kuzuia, nikatembea kutoka Mwambani hadi barabarani na unyoya umening'inia, na zahanati walilazimika kunichana kidogo kuitoa. Ingekuwa jichoni nisingekuwa naandika haya. Tangu hapo nabana vinundu vya ndoano zangu zote kwa plaizi kabla hazijaingia boksini. Samaki hawaponyoki kwa wingi niliokuwa nikiuogopa, mradi mshipi haulegei, na ndoano iliyobanwa hutoka mwilini kama ilivyoingia. Kofia na miwani sivui. Miwani iwe ya kukata mng'aro wa maji. Bila hiyo humuoni samaki na humuoni taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu. Kusi likizidi najigeuza, naipa bahari mgongo, ule mrusho wa nyuma ndio unaoupeleka unyoya majini. Miezi ninayoipenda ni ya tanga mbili, pepo zinapopokezana, bahari imelala.

Nimemtaja taa. Hujifukia kwenye mchanga wa maji ya kifundo, huonekani kwake wala yeye kwako. Rafiki yangu alimkanyaga na mwiba ukampiga juu ya kisigino. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, alilia kwa sauti. Tulimbeba hadi nyumba ya karibu, mwenye nyumba bila kuulizwa akateleka sufuria. Maji ya moto ndiyo dawa ya kwanza, kwa sababu sumu ile huvunjwa na joto: moto kadiri anavyoweza kustahimili, usizidi nyuzi 45, na yeye mwenyewe ajaribu kwanza kwa mguu mzima, kwani ule ulioumia hauhisi vizuri na unaweza kuungua. Tulimkandia kwa saa nzima na kidogo, maumivu yakapungua, tukampeleka hospitali kwa sababu kipande cha mwiba hubaki ndani. Kumuepuka taa ni rahisi kuliko kumtibu. Usinyanyue miguu, iburute. Akihisi mchanga unasogea anaondoka mwenyewe. Akina mama wanaotanda huburuta miguu siku zote, nami nilikuwa nadhani wamechoka.

Mto Pangani siuingii kabisa. Una mamba. Navua kutoka kwenye mchanga wa mlangoni, na jua likishuka naondoka.

Kuhusu vifaa nina mambo mawili tu, yaliyonigharimu. Kila ukirudi osha rili, fimbo na mshipi kwa maji baridi, hata kama umechoka na ugali umepoa. Rili yangu ya kwanza iliganda kwa chumvi kwa sababu ya usiku mmoja niliosema nitaosha kesho. La pili ni dawa ya mbu. Mikokoni mbu ni wengi, ukijipaka usiushike mshipi. Dawa zenye kemikali iitwayo DEET hula plastiki. Wangu ulipasuka ngozi kama kidole cha mpiga chokaa, ukaacha kuelea, na kwa miezi nikawa namlaumu aliyeniletea. Siku hizi najipaka kwa nyuma ya viganja au navaa mikono mirefu.

Jambo gumu zaidi limekuwa kurudisha samaki. Wageni hurudisha wote. Mara ya kwanza kumrudisha kolekole mdogo mbele ya watu, pale Raskazone, mama mmoja alinifokea: “Riziki unaitupa?” Hakuwa amekosea. Nimekulia nyumba ambayo samaki akikosekana ni mchicha mtupu. Nina mshahara sasa, mdogo, lakini upo. Sina ujasiri wa kumwambia mvuvi mwenye watoto watano amrudishe samaki aliyemtoa jasho, na sitamwambia. Ninachofanya ni changu peke yangu. Nachukua mmoja wa kutosha jungu, wadogo nawaacha majini bila kuwatoa kabisa, mkono umelowa ili nisiwachubue utelezi wao. Kolekole wadogo wa mahorini ndio watakaokuwa wakubwa wa miambani.

Nina sababu nyingine, ya zamani. Nikiwa mtoto tulikuwa tukisikia baruti. Mlio mzito kutoka baharini, vioo vikatikisika, na watu wazima wakanyamaza kidogo kabla ya kuendelea na mazungumzo. Sokoni mama alikuwa akimbonyeza samaki mgongoni kwa kidole gumba. Akiwa laini, uti umevunjika, wa baruti huyo, anamrudisha. Mjomba alinionyesha mwamba ambao babu yake alivua changu, tukazama, ulikuwa kifusi. Mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa Tanga, doria zikaja kukazwa miaka ya baadaye, na sasa milio ile imepungua sana. Naweza kupitisha mwaka nisiisikie. Ninapomwona kolekole wa kiganja kimoja anasimama kwenye mkondo na kichwa chake kimeelekea maji yanakotoka, simwoni kama samaki mdogo. Kabla ya kwenda na fimbo mahali papya huuliza ofisi ya uvuvi na viongozi wa mwalo, kwa sababu maeneo ya hifadhi yana taratibu zake.

Mwezi uliopita nilikwenda Tongoni na mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja. Fimbo ni moja na sikutaka akae akiitamani, nikamfungia unyoya wa ndevu za beberu kwenye mshipi wa mkono, chubwi ndogo kama punje ya mahindi nikaiweka nusu mita mbele yake. Sijui mgeni wangu angesemaje. Tulikaa kwenye mchanga tukila mihogo ya jana, maji yakitoka. Sikumwonyesha mstari. Baada ya muda akanyanyuka mwenyewe, akasogea hadi pale povu linapokusanyika, akatupa kwa mkono, karibu, pengine hatua nne, akaanza kuvuta kidogo kidogo.

Kolekole wake hakufika kilo. Alimshika kwa mikono miwili akimsikiliza anavyokoroma, akaniuliza kama anaweza kumpelekea bibi. Nikamwambia huyo ni wake, aamue. Akina mama walikuwa wameshaanza kutanda chini yetu, na yule aliyenisemesha siku ile alikuwemo, kanga kiunoni. Mtoto akashuka hadi alipo, samaki mkononi, akamwamkia, akamwonyesha.